Tishu Juu ya Baiskeli

Gazeti lilifika mezani limeshalowa kahawa ya watu wengine, lakini habari yenyewe ilikuwa inasomeka. Wakili akavaa miwani, akakohoa kama hakimu anayetaka watu wanyamaze, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kwa Geok Lan, mama wa kahawa. Chama cha kutetea wateja kinawakumbusha wananchi kwamba anayejiunga na jimu yenye cheti ana siku tano za kutafakari. Ndani ya hizo siku tano akibadili mawazo, mkataba unavunjwa na hela yake inarudi yote.

"Siku tano," Wakili akasema, akikunja gazeti. "Mtu mzima anapewa siku tano kutafakari kama kweli anataka kulipia kubeba vyuma. Mimi kwenye ndoa nilipewa dakika mbili, na mama yangu alikuwa amenishika mkono."

Walikuwa watatu, kama kila asubuhi, kwenye meza ileile chini ya feni ile mbovu, kwenye mgahawa wa mtaani hapo Bedok. Wakili jina lake Thanabalan, na uwakili anausikia kwenye bomba. Alikuwa karani wa mafaili mahakamani miaka thelathini na moja, sheria zikamwingia pamoja na vumbi. Wa pili ni Sarip, anayeitwa Daktari kwa sababu alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, na mpaka leo akikutazama usoni anakutajia ugonjwa. Wa tatu ni Quek Kim Seng, dereva wa winchi mstaafu wa bandarini, ambaye hapo kijiweni hakuna anayemwita Kim Seng. Anaitwa Foleni. Akiona watu wamejipanga mstari naye anajipanga, halafu ndipo anauliza kuna nini. Kwa mtindo huo ameshachanjwa mafua mara mbili kwa mwaka mmoja, na siku moja alirudi nyumbani na tiketi ya maonyesho ya paka.

Daktari na Wakili wakaendelea kuwachambua watu wa jimu. Daktari alisema hao wanaolipa ili wakimbie juu ya mkanda bila kufika popote wangempa yeye nusu ya hizo hela, awafukuze bure kuzunguka maghorofa. Wakili akasema tatizo la watu wa siku hizi ni kwamba wanasaini kwanza, kusoma baadaye. Foleni yeye alikuwa anakoroga kahawa nyeusi isiyo na sukari, kitu ambacho hakikuwa na sababu yoyote ya kukorogwa.

Daktari akamwangalia vizuri. "We mzee, presha yako leo inaonekana kwa macho. Una nini?"

Foleni akaweka kijiko chini. Alitamani feni imdondokee kichwani wakati huohuo, ili ijadiliwe habari nyingine.

"Siku ya tano," akasema, "ni leo."

Ikabidi aseme yote. Jumapili alipita kwenye ile jimu mpya, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Palikuwa na foleni. Hapo wenzake wakaangaliana, wala hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Mbele ya foleni alikuwepo dada mmoja mchangamfu aliyemsalimia kwa Kihokkien safi, Kichina cha bibi zake kabisa, na nusu saa baadaye Foleni alikuwa ametoka na mwavuli wa zawadi na mkataba wa miezi ishirini na minne.

"Hongera sana," Wakili akasema. "Miaka miwili. Ukimaliza una umri gani, sabini na moja? Watakuja kukupiga picha, wakubandike kwenye lifti."

"Wamemwingiza mjini," Daktari akasema. "Na mji wenyewe amezaliwa humuhumu."

Waliendelea hivyo kwa muda, kwa raha zao. Walimuuliza kama ameshanunua zile suruali za kubana. Walimuuliza mwavuli ni wa kunyanyulia au wa kukimbilia. Foleni akawaacha wachoke, kwa sababu baya lenyewe hakuwa amelifikia. Lile baya alilisema akiwa anatazama meza. Hela aliyolipa ilikuwa ya tiketi za ndege. Yeye na mkewe Bee Choo walikuwa waende Perth kwa binti yao Hui Shan, anayejifungua mtoto wa kwanza wiki tatu zijazo. Bee Choo alimkabidhi hizo hela Jumamosi akanunue tiketi, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa anaamini zimenunuliwa. Ameshafunga sanduku. Ameshapakia tangawizi, tende nyekundu na siki nyeusi ya kumpikia mzazi.

"Hivyo vyote watavichukua uwanja wa ndege," Daktari akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Wakili alivua miwani. Alisema basi shida iko wapi, si siku tano bado hazijaisha, apande ngazi akavunje mkataba. Foleni akajibu kwamba alipanda jana. Meneja, kijana mmoja anaitwa Jerome Chia, alimwonyesha kifungu: mteja aliyekwisha kutumia kifaa chochote cha mazoezi amepoteza haki ya kutafakari. Halafu akamwonyesha picha za kamera.

"Ulitumia kifaa gani?" Wakili akauliza.

"Sijatumia. Niliweka tishu tu."

Kisha ikabidi aeleze. Jumatatu alifika mapema, akaona baiskeli ya mazoezi iliyo dirishani, penye upepo, ndiyo nzuri kuliko zote. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya kwenye ukumbi wa chakula saa ya mchana: akaweka pakiti ya tishu juu ya kiti, ili ijulikane pana mtu. Kisha akashuka kunywa kahawa. Hapa, pamoja nao. Maneno yakakolea, saa tatu na dakika arobaini akakumbuka kwamba Bee Choo anamsubiri sokoni, akapanda mbio, akachukua tishu yake, akaondoka. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Hakuna aliyeigusa. Mama mmoja alisimama pembeni ya ile baiskeli karibu saa nzima akisubiri tishu imalize mazoezi, na ndiye aliyeenda kulalamika.

Daktari alicheka mpaka akashika ubavu, akaomba radhi, akacheka tena. Wakili yeye hakucheka. Alikuwa ameshapata kesi, na uso wake ulikuwa umepungua miaka kumi.

"Tishu si mtu," akatangaza. "Tishu ni karatasi. Karatasi haiwezi kuendesha baiskeli. Kesi imekwisha."

"Imekwisha wapi?" Daktari akasema. "Mwaka jana hapahapa ulitaka kupigana na yule mgeni wa watu mwenye begi. Alisogeza tishu yako akakaa. Ukamwambia nini? Ukamwambia umenikalia mapajani."

"Ile ilikuwa meza."

"Kwa hiyo mezani tishu ni mtu, juu ya baiskeli ni karatasi. Sheria gani hiyo?"

Meza za jirani zikaanza kugeuza viti. Fundi viatu mmoja alisema tishu ni mtu popote ilipo, bila hivyo nchi haitawaliki. Mwingine akasema tishu ni mtu kwa dakika kumi tu, baada ya hapo ni takataka. Geok Lan, akipita na sinia, alisema kwa maoni yake watu wenyewe ndio takataka, wanakunywa kikombe kimoja kuanzia saa moja mpaka saa tano. Foleni aliwasikiliza wote akiwa anatazama saa ya ukutani. Meneja alimwambia ofisi inafungwa saa sita. Alikuwa anafikiria jinsi atakavyofungua mlango wa nyumbani, na Bee Choo atakavyomuuliza viti vya ndege ni vya dirishani au vya njiani.

"Nipe mkataba," Wakili akasema.

Foleni akautoa kwenye mfuko wa shati, umekunjwa mara nne. Kurasa kumi na mbili, herufi kama sisimizi. Wakili alisoma ukurasa kwa ukurasa akijilamba kidole, na kijiwe kizima kikamsubiri. Alipofika ukurasa wa tisa akasimamisha kidole. Akausoma tena. Halafu akamgeukia Daktari kwa upole wa kutia shaka.

"Ulikuwa unasema nini, bwana? Tishu ni mtu?"

"Ni mtu."

"Nimekubali. Nimeshindwa. Ni mtu kabisa. Twendeni."

Wakapanda. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili na Daktari alipumzika mara mbili, akidai anawaangalia wenzake mapafu. Jerome Chia aliwapokea kwa tabasamu na fulana iliyombana mpaka misuli ya tumbo inahesabika. Aliwaita anko, mmoja mmoja. Alisema anasikitika sana, angependa kusaidia, lakini masharti ni masharti.

Wakili akamwambia hawakuja kubishana, wamekuja kujifunza. Akataka kujua tu: zile siku tatu, kwenye ile baiskeli, alikuwepo mtu au hakuwepo?

"Anko, sote tumekulia hapa," meneja akasema. "Tishu ikiwepo, mtu yupo. Hakuna aliyeweza kuitumia. Kwetu sisi hiyo imetumika."

"Kwa hiyo Bwana Quek alikuwa juu ya baiskeli."

"Kwa hesabu zetu, ndiyo."

"Tangu saa moja mpaka saa tatu na dakika arobaini. Siku tatu mfululizo."

"Ndiyo, anko."

Wakili akaufungua mkataba ukurasa wa tisa, akaulaza juu ya kaunta kama anavyolazwa mtoto. Akasoma polepole. Mteja aliyezidi miaka sitini hataruhusiwa kupanda kifaa chochote kabla ya kuleta fomu ya daktari, na kabla ya kufundishwa na mwalimu wa jimu. Fomu iko wapi? Mwalimu ni nani? Akamwita Daktari, ambaye alikuwa ameanza kuelewa na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Mzee wa miaka sitini na tisa," Daktari akasema, kwa ile sauti ya wodini. "Ana presha. Moyoni amewekewa kibomba, nilimsukuma mwenyewe siku hiyo mpaka chumba cha upasuaji. Amepanda baiskeli yenu karibu saa tatu bila kushuka, siku tatu, bila maji, na nyinyi mnamtazama kwenye kamera. Mwanangu, hapo uko peke yako, au una bosi wa kumpigia?"

Jerome Chia alitazama kamera, akatazama ukurasa wa tisa, akamtazama Foleni, ambaye alijitahidi kuonekana mgonjwa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha jambo alilolijua siku zote, kwamba kwa kweli ukiangalia kwa makini, ile ilikuwa ni tishu tu.

Akaleta fomu ya kuvunja mkataba, akaipiga muhuri. Hela ikarudi kwenye kadi palepale, mashine ikalia. Likabaki sanduku moja kwenye fomu, na meneja akasema hilo lazima lijazwe: sababu ya kujiunga, kwa ajili ya takwimu.

"Andika foleni," Wakili akamwambia. "Ndiyo ukweli."

Foleni alishika kalamu na hakuandika. Akasema haikuwa foleni. Foleni ilimfikisha mlangoni tu. Yule dada alimuuliza kama ana wajukuu, akamwambia wa kwanza yuko njiani. Basi dada akamletea mpira mmoja mzito, akauweka sakafuni, akamwambia, anko, huyu hapa mjukuu wako, hebu mnyanyue mpaka begani. Akainama. Akaufikisha magotini, mgongo ukakataa. Watu wote kwenye mstari walikuwa wanatazama.

"Nimenyanyua makontena miaka thelathini," Foleni akasema. "Nikajiona nimefika Perth, Hui Shan ananipa mtoto, na mimi nasema hapana, mpe mama yako."

Wakili alijishughulisha na kukunja mkataba.

"Ule mpira una uzito gani?" Daktari akamuuliza meneja.

"Kilo kumi."

"Mtoto gani anazaliwa na kilo kumi? Huyo anazaliwa na meno na leseni ya udereva." Daktari akaenda mwenyewe kwenye rafu ya vyuma, akainama kusoma namba, akavipita vikubwa vyote. Akatoka na kimoja kifupi, kinene, kilichovalishwa mpira wa buluu. Akakiweka sakafuni mbele ya Foleni. "Kilo tatu na nusu. Wodi ya wazazi nimefanya miaka sita. Ndivyo wanavyokuja."

Foleni akakitazama. Akampa Wakili kalamu. Akainama, taratibu, akashika kwa mikono miwili, akainuka nacho mpaka kifuani, kisha mpaka begani, na mgongo haukusema kitu. Alisimama hapo katikati ya jimu, shavu limegusa mpira wa buluu.

Meneja akasogea nusu hatua. "Anko, samahani. Sasa hivi hapo unatumia kifaa."

"Muhuri umeshapigwa, kijana," Wakili akasema. "Mwache."

Foleni hakuwasikia. Alikuwa ameanza kuyumba kidogo kidogo, kulia na kushoto, huku anakipigapiga mgongoni.