Sikio la Oroz

Jumanne, 4 Machi
Mama Uulkan, tunayemuuzia viatu kwenye makontena yake hapa soko la Bishkek, ametangaza kwamba mmoja wetu atakwenda naye Urumqi, Uchina, kununua mzigo. Mimi au Oroz. Sharti: masikio yashike Kichina, sauti inapopanda na inaposhuka, maana huko ukikosea sauti umeagiza kitu kingine. Safari hii ni yangu. Oroz ana nini? Jino la dhahabu tu, na hucheka makusudi lionekane. Lakini kwenye chai Mama Uulkan alimsogezea yeye bakuli la jamu. Niliona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata mwalimu. Binti Lin, mwanafunzi Mchina, amepanga jirani na shemeji yangu. Nimemwapisha asifundishe mtu mwingine. Mwanzoni zile sauti nne za Kichina zote zilikuwa uji. Leo nazitenganisha! Nimemrekodi kwenye simu, namsikiliza hata nikila tambi za lagmani. Mke wangu akauliza huyo mwanamke ni nani. Nikasema ni mambo ya kazi. Akasema wote husema hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Oroz kaniomba rekodi. Nikamwambia simu imekufa. Kisha nikamshauri Mama Uulkan amhamishie lango la chini, wanakopakua Wachina: wazee, vijana, wanawake, wa kila jimbo, wanagombana kutwa. Nikasema kule panahitaji mwenye mabega. Akakubali. Kwenye makelele yale mtu hasikii hata jina lake. Roho yangu kwatu.

Jumamosi, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Nikampelekea Mama Uulkan ua la tulipu. Oroz kanitangulia, na lake ni shada zima. Eti Wachina wa langoni wamemchangia. Eti akikosea wanamcheka, wanamrudia neno mpaka alipate, kila mmoja kwa koo lake. Watamvuruga, nilijiambia. Hata hivyo niliumia. Mbona mimi hakuna anayenicheka?

Jumatano, 12 Machi
Mtihani. Mama Uulkan kaleta mzee mmoja Mchina wa kiwandani, sauti ya mkoromo. Yeye anatamka, sisi tunaonyesha kwa mkono sauti ilikokwenda. Mkono wa Oroz ulipanda na kushuka kama anapaka ukuta chokaa. Mimi nilisikia mtu anakohoa. Nikadai Lin aitwe, atamke yeye. Akaja, akatamka, sikukosa hata moja. Mama Uulkan akauliza kama Urumqi nzima nitanunua viatu kwa Lin peke yake. Oroz akacheka, jino lote nje. Ndiye anayekwenda. Niliingia kontenani nikalia katikati ya mabuti. Wivu? Ndiyo, wivu, tena wa kuniunguza.

Alhamisi, 13 Machi
Mama Uulkan kanionea huruma. Kasema sikio langu limezoea koo moja, nikakae langoni mahali pa Oroz, nisikilize kila anayepita, maana Oktoba kuna safari nyingine. Nimeshukuru sana. Njiani nikanunua hedfoni kubwa, zile za kuziba masikio kabisa. Siku nzima Lin peke yake, sauti mwisho. Wachina walinijia mmoja mmoja wakinisemesha, nikawaashiria wasinisumbue, nasoma. Makelele yao hayakunipata hata kidogo. Oroz hakuwa na akili ya kununua hedfoni.