Kitufe Kisichoonekana na Ukimya wa Gazeti Lenu

Milwaukee, Jumatatu

Kwa Bi. Lorraine Schuette,
Mkuu wa Ubunifu, Gazeti la Mjumbe wa Ziwa.

Bibi Mheshimiwa,

YAH: KUNYAMAZIWA BAADA YA KUOMBA KAZI YA UBUNIFU

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na wa kulaumiwa ni ninyi.

1. Mlinipa kazi ya majaribio: nibuni upya ukurasa wenu wa kwenye simu. Niliifanya bure, tena kwa moyo. Nikaondoa menyu. Nikaondoa tarehe, kwani nani hajui leo ni lini? Vitufe vyote nikavipaka rangi nyeupe juu ya nyeupe, ukurasa ukatulia tuli.

2. Kwenye usaili nilipitishwa kwa watu watano, na wote waliuliza swali lile lile: ningekuwa chombo cha jikoni, ningekuwa kipi? Wa kwanza nilimjibu kwa adabu, mwiko. Kufika wa tano nilishakuwa kabati zima.

3. Bwana Dale, yule mwenye ndevu, alithubutu kuniambia, eti, kaka, mbona kitufe chako hakionekani? Nilimjibu, na sasa narudia kwa maandishi: mwenye haja ya kweli atakiona. Asiyekiona hana haja.

4. Tangu hapo, kimya. Wiki tatu! Hata "pole, hukufaa" mmeninyima. Gazeti linalojua paka wa nani amekwama juu ya mti gani linashindwaje kumwambia mtu mmoja hatima yake?

5. Hapa ndipo mliponigusa pabaya. Mama yangu, Bi. Halina, ambaye naishi kwenye chumba cha chini ya nyumba yake pamoja na mashine ya kufulia, alishatangaza kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa pale parokiani kwamba mwanawe kaajiriwa gazetini. Sasa kila Ijumaa Bi. Dolores, anayekaa naye meza moja, humuuliza mbele za watu, haya shoga, huyo mkurugenzi wako anaanza lini? Mama huinamia kabichi yake. Mama yangu, Bibi, hajawahi kumwinamia mtu. Inaniuma sana.

Kwa hiyo nadai kazi, kuombwa msamaha kwenye ukurasa wa mbele, na Bi. Dolores asiletewe tena gazeti.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata Bwana Dale na ndevu zake.

Wako mwenye kinyongo cha heshima,
Gerard Pawlak

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, mama aliishika simu yangu, akapapasa tovuti yangu mwenyewe, niliyoibuni vile vile nyeupe juu ya nyeupe, kwa vidole vyenye unga, akagusa mahali pasipo na kitu, kikafunguka kisanduku cha ujumbe. Kumbe uliniandikia wiki tatu zilizopita! Kazi nimepata, ila nilitakiwa nijibu kabla ya Ijumaa iliyopita. Umenikumbusha mara sita. Lo! Kitufe cha kujibu tunakitafuta tangu asubuhi, mama ameazima hadi miwani ya jirani. Haja ninayo, Bibi, naapa ninayo! Tafadhali nipigie simu. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kubwa, kwa wino mweusi.