Nilivyoitia Mbio Seva ya Kibokoni

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto. Feni imekufa tena. Bi Mwanakuu, mwenye kampuni yetu ya programu na mwenye nyumba hii ya Kibokoni tunamofanyia kazi, ametangaza: atakayeondoa huu uzito wa mitambo, inayokwenda pole pole mno, kabla ya Ijumaa atapewa kile chumba kidogo chenye AC. AC! Ijumaa tunamwonyesha Bi Ummukulthum, mpishi wa harusi, mfumo wake wa kupokea oda. Akiukataa, mmoja wetu watatu atakwenda kutafuta kazi kwengine. Hakutaja nani. Ila aliniangalia mimi.

Uzito wenyewe ni huu. Faili zote za kazi ziko kwenye seva, chini stoo. Programu yetu ya kutunza matoleo, ile inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, ukiiuliza tu nini kimebadilika, hupita kwenye waya mpaka stoo ikabisha hodi kwa kila faili, moja moja. Maelfu! Mwenzangu Swafia huiuliza, akaenda zake kunywa chai, akarudi, bado inabisha hodi.

Ngowa, mwenzetu wa tatu, anasema analifikiria tatizo. Mwache afikirie. Mimi Khubaib ni mtu wa vitendo.

Jumanne, 4 Februari

Tatizo ni waya. Mwembamba mno. Nimekwenda sokoni Mwembe Tayari, muuzaji akaniapia kuwa huu mnene ndio unaofungwa kwenye meli. Nikaupitisha dirishani, nikauvusha ua, nikaufikisha stoo. Mnene kama chatu!

Ngowa akaja kuutazama. Akaniuliza kwa upole kama najua kuwa ule ni waya wa antena ya televisheni. Nikamwambia najua. Sikujua.

Nilitaka kuutoa, lakini mama yake Bi Mwanakuu alikuwa ameshaanika leso zake kwenye waya huo. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu. Angalau mtu mmoja wa nyumba hii anaiona thamani yangu.

Jumatano, 5 Februari

USHINDI! Nimepata mtandaoni amri moja ndogo. Unaiambia programu ichukulie kuwa faili zote ziko vile vile, isijisumbue kwenda kuziangalia. Nikaitia wenzangu walipokwenda kula. Sasa ukiiuliza, hujainua kidole imeshajibu: hakuna kilichobadilika. Swafia alipiga kigelegele. Bi Mwanakuu akanikabidhi ufunguo wa chumba papo hapo.

Ngowa, kwa husuda, aliuliza mbona inasema hakuna kilichobadilika ilhali yeye ametoka kubadilisha sasa hivi. Nikamjibu huenda mabadiliko yake ni madogo mno.

Alhamisi, 6 Februari

Nimelazimika kuvaa sweta. Mombasa, Februari, sweta! Raha iliyoje.

Swafia amekuja kulalamika. Kila akitaka kuihifadhi kazi yake, programu inamwambia hakuna cha kuhifadhi. Nikamweleza kuwa hiyo ni dalili ya mfumo ulio safi. Akaondoka akijikuna kichwa.

Jioni nilichukua toleo la mwisho lililohifadhiwa, nikalitia mwenyewe kwenye kompyuta ya maonyesho. Ngowa alitaka kulikagua kwanza. Nikafunga mlango, baridi isitoke.

Ijumaa, 7 Februari

Ya Rabi.

Baada ya swala tulikwenda sote nyumbani kwa Bi Ummukulthum. Sharubati, visheti, mazungumzo mazuri. Nikampa kompyuta ajaribu mwenyewe. Akaagiza sahani moja ya pilau. Mfumo ukampongeza na kuthibitisha harusi moja, wageni mia nane.

Bi Ummukulthum akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi nimeagiza sahani moja. Huyu bwana harusi ametoka wapi?”

Ngowa akasema kosa hilo alilirekebisha Jumatano mchana. Swafia akasema hata yeye kazi zake za tangu Jumatano hazimo. Bi Mwanakuu akanigeukia taratibu sana. Nikala kisheti.

Bi Ummukulthum ametupa mpaka Jumatatu. Bi Mwanakuu hakunipa hata salamu.

Jumamosi, 8 Februari

Nilidhani ufunguo wa ofisini hautanifungulia. Ulifungua. Ngowa alikuwa ameshafika. Hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Alisema, “Kaa hapa, ndugu yangu, tuifute hiyo amri yako.” Kazi yote ilikuwamo bado kwenye faili, salama, programu tu ndiyo iliyokatazwa kuiona.

Kisha akampa kila mtu nakala yake kamili ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Programu inaulizana na diski iliyo hapo hapo mezani, haisafiri. Seva inapelekewa kazi iliyokamilika tu. Mbio! Na inasema kweli pia.

Nilitaka kulia. Halafu nikamsikia akimwambia Bi Mwanakuu kwamba tumeifanya wote wawili. Nikaudhika. Wote wawili! Na tatizo lenyewe si nililileta mimi peke yangu?

Jumatatu, 10 Februari

Bi Ummukulthum ameagiza sahani moja, ikaja sahani moja. Ameukubali mfumo, akataka mkataba leo leo. Hakuna aliyefukuzwa. Ngowa amepewa chumba cha AC, mimi nimepewa kusimamia printa. Bi Mwanakuu amesema printa haiwezi kunishinda.

Printa yenyewe nzito! Kabla ya kila ukurasa inasimama kuuliza kama karatasi ipo, kama wino upo. Nani ana muda huo? Nimeikataza kuuliza. Sasa ukiituma kazi, kabla hujakaa sawa imeshajibu kuwa imechapisha yote.

Bi Mwanakuu yuko chini ya meza yangu, anautafuta mkataba ambao printa imesema imeshauchapisha. Nimemwambia mashine imefanya kazi yake. Kupotea kwa karatasi ni mambo ya binadamu.