Kifua cha Jérémie na Kifua Changu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimegundua kwamba mke wangu anapenda kifua cha mwanamume mwingine. Naandika nikiwa mtulivu. Uongo! Kalamu imeshatoboa karatasi.

Nilirudi mapema kutoka biro ya bandari, ofisi ninakopiga mihuri. Olga alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua ndakala, dagaa wetu, na kuongea na dada yake kwa simu. Nikasimama kwenye pembe ya ukuta. Si kwa kumpeleleza, kwa kupumzika tu. Nikamsikia kwa masikio haya mawili: "Papa Jérémie iko na kifua. Hii njo kifua, dada! Siwezi kumuacha vile."

Siwezi kumuacha vile!

Nilitaka kutokea nimuulize. Kikohozi kikanishika. Ikabidi nikimbilie barabarani nikakoholee huko. Ni kikohozi cha vumbi la simenti ya bandarini, kiko tangu mvua za mwisho. Hakinihusu.

Jérémie ni jirani yetu, fundi wa treni, mjane. Meno yote anayo. Kila asubuhi ananisalimu kwa adabu, kwa jina la mwanetu, "Jambo, Papa Glodie." Sasa najua adabu ile ilikuwa inafunika nini.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimevua shati mbele ya kioo. Nimeona mbavu. Zote. Kwa upande mwingine, tumbo limekwisha kabisa na suruali inateleza. Nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Mwili unarudi ujanani bila mimi kuuomba. Kilichobaki ni kifua.

Jioni Olga ameanza tena. Yeye ni reko, mjumbe wa afya wa mtaa wetu: anavaa jile, kizibao cha bluu, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaharisha, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Akaniambia kikohozi kikipita wiki mbili si cha kungojea tena, sembuse changu kilichozeeka. Twende santé, kituo cha afya. Nikamjibu mafundisho yake ayapeleke kwa watu wake. Mtu wa bandari hakohoi, anasafisha koo.

Akaniwekea kikombe cha tangawizi na ndimu. Nikakisukuma. Mwanamume ana heshima yake.

Akaniangalia, akasema basi. Halafu akakimimina kikombe changu kwenye thermosi, akavuka ua kwenda kwa Jérémie. Tangawizi yangu! Nimekaa gizani nikimsikia yule bwana upande wa pili akinywa kwa mfyonzo. Wivu umenikaba mpaka sikuweza kula bukari, ugali wetu. Sijala vizuri tangu Pasaka, lakini leo ni kwa sababu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeanza mazoezi. Nyuma ya makontena, saa ya mapumziko, pompaji: kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa na matatizo. Ya tatu sijui, maana nilikohoa mpaka bandari yote ikazunguka, na nilipofungua macho nilikuwa nimelala kifudifudi na Wilfried wa biro yetu amesimama juu yangu, anauliza kama nimeangusha kitu.

Kitambaa changu kilikuwa na wekundu kidogo. Pilipili ya mchana. Au msuli umepasuka ndani, na hiyo ni dalili kwamba mazoezi yanafanya kazi.

Ilinibidi nimweleze Wilfried kila kitu: Olga, Jérémie, kifua. Nikamwapisha asiseme popote. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye pia ana kifua, siri ikiingia humo haitoki.

Yeye pia! Wilfried, mwenye mabega kama ya kuku aliyenyeshewa! Kalemie nzima ina kifua isipokuwa mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kifua cha Wilfried kina tundu. Bandari nzima inajua. Wapakuzi wa meli wananiuliza nimefikisha pompaji ngapi. Mwendesha kreni amenipigia kelele kutoka juu, mbele ya watu waliotoka Kigoma, kwamba kama nimeshindwa kubeba kifua aniletee kamba.

Nimeamka na shuka limelowa jasho. Ni hasira. Hasira ina joto lake, kila mtu anajua.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimewakamata!

Saa nne hivi nilikuwa dirishani pa biro. Ikapita taksi-moto. Dereva, nyuma yake Jérémie, nyuma ya Jérémie mke wangu. Mke wangu! Na jile yake ya bluu, amelishika bega la mtu yule kana kwamba ni mali ya nyumba. Niliacha muhuri kwenye meza, nikasimamisha pikipiki nyingine, nikamwambia dereva awafuate wale. Akauliza kama ni polisi. Nikasema ni mume. Akaongeza mwendo kwa huruma.

Wakashuka kituo cha afya. Werevu kweli! Nani angewashuku pale? Nikavuta kofia mpaka puani, nikaketi kwenye benchi la nje kati ya watu wanaokohoa. Mpango wangu ulikuwa kusubiri watoke, nisimame, niseme, "Ndiyo?" Neno moja tu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani.

Mpango ukaharibika kwa sababu ya foleni. Muuguzi, Mama Clémentine, mwanamke asiyecheka, akaniita niingie. Nikasema mimi si mgonjwa, nimepumzika tu. Hapo kikohozi kikanisaliti, nikakohoa mpaka kofia ikaanguka. Akanivuta mkono.

Akaniuliza nakohoa tangu lini. Nikasema juzi juzi, tangu mvua za mwisho. Akauliza kama natoka jasho usiku. Nikamwambia hilo ni jambo kati yangu na shuka langu. Kama nimekonda? Nikamwonyesha mkanda kwa fahari, tundu jipya la msumari. Damu? Pilipili, nikasema. Akaacha kuandika. Akauliza mtu mwenye akili zake, anayesoma na kuandika, mwenye reko ndani ya nyumba, alikuwa anangojea nini. Nikasema nilikuwa na kazi nyingi.

Akanipa kikopo kidogo chenye kifuniko. Niende nyuma ya jengo, penye hewa, nivute pumzi, nikohoe kutoka chini kabisa, niteme humo.

Nikaenda nyuma ya jengo. Na nani yuko pale, na kikopo mkononi? Jérémie! Na Olga amesimama mbali kidogo, anamwambia avute pumzi, Papa, vuta tena, vile vile. Kwa sauti ile! Sauti hiyo mimi nilisikia mara ya mwisho Glodie alipozaliwa.

Nikasahau neno langu moja. Nikasimama kando ya Jérémie nikafungua kikopo. Yeye akakohoa kidogo, eh-he, akatema mate matupu. Mimi nikakohoa kama treni ya Kabalo inapopanda. Kikopo kikajaa. Nikamwonyesha cha kwangu, nikamwonyesha na Olga. Olga akaweka mkono mdomoni.

Akaniambia, "Papa Glodie, mbona unanificha? Nilikuambia mara ngapi?" Nikamwambia nami nilimsikia kwenye simu akisifu kifua cha watu. Akachukua kikopo changu, akakifunika. Kisha akasema, "Kifua! Kikohozi, Célestin. Muntu anakohoa, tunasema iko na kifua. Ulizaliwa wapi weye?"

Hapa Kalemie nilizaliwa. Nimefurahi, nimeaibika, lakini zaidi nimekasirika. Kumbe mtu anabembelezwa na kupelekewa tangawizi kwa ajili ya kikohozi, na mimi ninacho kikubwa zaidi tangu mvua!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Matokeo. Tuliitwa sote wawili.

Jérémie: moshi wa kuchomelea vyuma na mafua yaliyoshuka chini. Vidonge vya siku chache, maji mengi, kwaheri. Olga akamwambia pole na hongera.

Mimi: kifua kikuu.

Nikamwomba Mama Clémentine arudie, kwa sauti, maana Jérémie alikuwa bado mlangoni. Kifua KIKUU. Jérémie ana kifua tu, na hata hicho si chake, ni cha moshi. Mimi ninacho kikuu! Nilisimama wima. Nilitaka kumwuliza kama ataniandikia hati.

Nikamgeukia Olga nione atakavyonitazama. Alikuwa analia. Si machozi ya mapenzi kama nilivyotarajia, alilia kwa hofu. Akamwuliza muuguzi kuhusu Glodie, kwa sababu Glodie hulaza kichwa juu ya kifua changu kila jioni anaponisomea masomo yake ya shule. Mama Clémentine akasema nyumba nzima ipimwe kesho.

Hapo nikaisahau ile hati. Niliogopa, nasema kweli. Njiani, kwenye daraja la mto Lukuga, mimi ndiye niliyemshika mkono.

Jioni Jérémie akaja kutupa pole na samaki wawili, mikebuka ya kukaanga. Alikuwa na uso wa mtu anayesikitika hasa. Nikamwambia asijali, si kila mtu amejaliwa.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Glodie ni mzima! Olga ni mzima! Muuguzi amempa Glodie dawa za kumkinga. Nimempigia Mungu magoti, na nimekohoa dirishani, si kitandani, kama nilivyofundishwa. Sitaingia biro kwanza. Wilfried pia ameitwa kupimwa, yeye na wote wa chumba chetu. Ananichukia. Vizuri.

Jumatano, tarehe 26 Juni

Sijawahi kuwa na furaha namna hii ndani ya ndoa. Kila asubuhi Olga anavaa jile yake kwa ajili yangu. Ananiletea vidonge vyekundu na kikombe cha maji, anakaa mbele yangu, ananitazama nikimeza. Halafu ananiambia nifungue mdomo, aone. Jérémie hafunguliwi mdomo na mtu! Homa imeshuka. Bukari inapita. Tangawizi yangu nainywa mwenyewe, kwa mfyonzo, karibu na ua.

Masharti ya Mama Clémentine: miezi sita, bila kuruka hata siku moja, hata nikijisikia simba. Na dawa hizi ni zangu peke yangu, nisimgawie hata ndugu niliyenyonya naye titi moja. Nimeapa. Nimejifunza, sasa mimi ni mtu mwingine. Nimefikiria hata kuwaandalia wapakuzi hotuba kuhusu kikohozi.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Msiba mpya.

Baada ya misa Olga alikuwa nyuma ya nyumba, anaongea na dada yake kwa simu. Nilikuwa napumzika kwenye pembe ya ukuta. Nikamsikia: "Papa Guelord iko na moyo, maskini. Moyo kabisa! Kesho nitapita kwake asubuhi mapema."

Guelord! Anayetengeneza injini za mitumbwi kule ufukoni! Guelord ana moyo? Mtu ambaye hajawahi kumpa mtu hata skrubu? Na kwa nini asubuhi mapema, saa ya vidonge vyangu?

Sijalala. Olga anataka mtu mwenye moyo, mtu anayetoa bila kuhesabu. Basi atamwona. Kesho vidonge nitavibana chini ya ulimi mpaka ageuke, kisha nitavipeleka vyote kwa Guelord mwenyewe, mbele ya macho ya Olga, na kesho kutwa vivyo hivyo. Ndipo tutajua nani ana moyo katika mtaa huu.