Fuwele Katika Figo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza chuo kikuu! Bure, kwenye simu, huku dukani kwangu, mlango nimeuegesha. Somo: utangulizi wa elimu ya fuwele. Profesa ni mama mwembamba, anaongea taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Chumvi ni fuwele. Sukari ni fuwele. Barafu pia. Chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama askari gwarideni. Halafu akanimaliza: kioo si fuwele! Chembe zake zimekaa ovyo tu. Miaka kumi na tisa nakata vioo, kumbe nakata vurugu. Mteja alibisha hodi akitaka kioo cha kabati. Nikamwambia arudi kesho. Sikuwa na moyo.

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe kalia kwa maumivu ya ubavu tangu alfajiri. Tunakaa naye tangu astaafu ualimu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni muuguzi. Alimpeleka kupigwa picha: jiwe limeziba njia ya figo. Kasema Alhamisi nimfikishe hospitali kubwa kwa upasuaji, bila kukosa. Kaongeza mbele ya watoto wangu kwamba kazi yangu ni kuendesha gari, mengine niwaachie wanaojua. Baba mkwe akacheka, hata na maumivu yake. Yeye huniita Ufa. Mwaka wa kumi na moja huu, Ufa, Ufa.
Nimetafuta mtandaoni jiwe la figo ni kitu gani. Fuwele!!!

Jumatano, 5 Machi
Somo la tatu. Profesa kaonyesha fuwele ikiyeyuka majini, safu moja baada ya nyingine. Nikakimbilia jikoni kujaribu. Donge la chumvi, maji ya moto, dakika nne. Limekwisha! Sasa kisu cha nini?
Nimemchorea baba mkwe jiwe lake nyuma ya kalenda. Kalitazama sana, mwalimu ni mwalimu. Akauliza kama kweli hawatampasua. Nikasema hawatampasua. Akanishika mkono.
"Mwanangu," akasema, "kisu nakiogopa kuliko kaburi."
Mwanangu! Ningemwahidi hata mwezi.

Alhamisi, 6 Machi
Gari limegoma kuwaka. (Nimechomoa waya wa betri.) Mke wangu nimemwambia fundi yuko njiani. Shemeji kapiga simu mara tatu kutoka zamuni. Nimempa jibu la kitaalamu: tumesogezwa mpaka wiki ijayo. Baba mkwe kanywa bilauri kumi na mbili za maji ya moto. Mgonjwa mtiifu sana. Kila bilauri ananiuliza limebaki kiasi gani.

Jumamosi, 8 Machi
Homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Maji anakunywa, hayatoki.
Nimelirudia somo la tatu. Siku ile nililizima kabla halijaisha, nilikuwa na haraka ya chumvi. Mwishoni Profesa anasema si kila fuwele huyeyuka majini. Nyingine unaweza kuziloweka mwaka mzima.
Mke wangu alichukua suruali yangu kuifua, akakuta waya mfukoni. Kaita teksi, kamkumbatia baba yake kiti cha nyuma. Nilipotaka kuingia, akafunga mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Wametoa figo. Ilikuwa imejaa usaha. Daktari kasema angeletwa Alhamisi ingepona.
Nilikuwa nimesimama koridoni, kando ya ndoo ya kudekia. Shemeji alinijia mpaka usoni. Nikafumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Kaniuliza kwa sauti ya chini nilimwambia nini mzee wake. Nikamweleza habari ya chumvi. Akakaa kwenye benchi, na sare yake, akalia mbele ya wagonjwa.
Mke wangu na watoto wamehamia kwake.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepewa dakika tano za kumwona. Amekuwa mdogo, shuka limemmeza. Nikaomba radhi, maneno yakanitoka nusunusu. Alikuwa ametazama dirishani.
"Ulisema hawatanipasua."
Hakufoka. Hakuniita Ufa. Hakuniita chochote. Nikamsogezea kikombe karibu na mkono, akakiacha.

Jumapili, 16 Machi
Nyumba kimya. Nimepiga deki vyumba vyote, hata ambavyo havina mtu. Mchana kapita fundi viatu wa jirani, anachechemea. Kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hakiguswi hata na soksi. Nikatafuta. Maskini, ni fuwele, nyembamba kama sindano, zimejikusanya kwenye kiungo! Lakini hizi si za figo, hizi ni jambo jingine kabisa. Ziko karibu na ngozi. Hapa maji hayahusiki. Hapa ni joto, na mtu mwenye mkono mtulivu.
Kesho alikuwa na miadi kliniki. Nimemwambia asihangaike.