Nasipwondi Alivyolizuia Lango la Mwenyekiti kwa Kigoda

Haya nilipewa na Awuor, mfagizi wa shule, mwaka wa sabini na mbili ukielekea ukingoni, tumeinamia omena, dagaa wa ziwani, tulizoanika juu ya magunia pale Nyalenda. Awuor hakupewa na mtu. Aliyaona kwa macho yake mawili, ufagio mkononi. Basi sogeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali. Mwenye mtoto mgongoni amnyamazishe, mwenye sufuria motoni aiteremshe, kwa maana vita ninavyovileta hapa havikupiganwa kwa mkuki wala kwa bunduki, vilipiganwa kwa kigoda cha miguu mitatu na ungo wa maharagwe, na aliyevishinda hakusimama hata mara moja.

Ewe moshi wa kuni mbichi, wewe uliyemkumbatia shujaa wetu kila siku kuliko alivyokumbatiwa na mumewe, nisaidie kumtaja. Ni Nasipwondi mke wa Wakoli, Nasipwondi wa mwiko mrefu, mama wa sufuria kuu, msonga ugali wa majeshi, aliyetoka kwao upande wa Bungoma akimfuata mume aliyepata kazi ya reli, akaingia jiko la shule ya harambee ukingoni mwa mji wa Kisumu na kulisha humo watoto wa watu mpaka wengine wakawa makarani wasiomsalimia tena.

Na shule ile ilitawaliwa na Mwenyekiti Walubengo, bwana wa malori ya miwa ya Muhoroni, Tumbo Linalotangulia, Baba wa Subirini. Mwaka wa kwanza walimu na wafanyakazi walipomwomba nyongeza ya mshahara, alisema, subirini, tunajenga taifa. Mwaka wa pili alisema, subirini, mvua imekatika. Mwaka wa tatu hakusema kitu. Alijenga lango.

Lango lile, jamani. Nguzo mbili za mawe ya kuchonga, ndefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, na juu yake upinde wa chuma wenye jina la shule. Na chini ya jina la shule, kwa herufi nene kuliko za shule, jina la Mwenyekiti. Mabamba ya chuma yalipakwa rangi ya fedha mpaka yakaumiza macho. Ila ua haukuwapo. Kulia kwa lango majani, kushoto kwa lango majani. Mbuzi wa Nyalenda waliingia shuleni kama walivyozoea, wanafunzi nao wakapita ubavuni, walimu nao vivyo hivyo, na lango likabaki limesimama peke yake kama mlango uliokimbiwa na nyumba yake. Zadock, mlinzi, mtu wa Kisumu hapa hapa, alipewa kofia mpya na ufunguo, akaamriwa kulilinda. Hakuuliza anamzuia nani. Alivaa kofia.

Siku moja kabla ya lango kuzinduliwa, wapiganaji walikutana jikoni kwa Nasipwondi, mbele ya chai nyeusi, kwani maziwa yalikuwa yamefutwa na kamati ya shule ili mawe yachongwe vizuri. Enos, mwalimu asiye na cheti lakini mwenye hotuba nyingi, alisimama akashika ukosi wa koti lake.

"Ndugu zangu katika jasho," alisema, "saa imewadia. Napendekeza tuunde kamati ndogo, itakayotazama uwezekano wa kumwona Mwenyekiti, ili atupangie siku ya kumweleza."

"Mwalimu," Zadock akamjibu, "kamati ya mwaka jana bado inatazama. Macho hayaiumi?"

Awuor akacheka mpaka chai ikampalia. Nasipwondi hakucheka. Alikuwa akiligeuza donge la ugali, na moyoni akigeuza jambo jingine.

Maana lazima mjue hili, msije mkasema vita vilianguka kutoka mbinguni. Mwenyekiti Walubengo alikuwa amemwoa Nabututu, binti wa Nasipwondi. Na kwa watu wao, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, anayekuja huiacha njia akaingia majanini mpaka heshima ipite. Anayeivunja heshima hiyo husemwa mpaka na watoto wa shangazi zake. Kwa hiyo kila gari la Mwenyekiti liliponguruma pale shuleni, Nasipwondi alijifungia jikoni, akabaki humo na moshi, machozi yakimtoka mfululizo kama ya matanga, kwa sababu jiko halikuwa na dohani. Fedha za dohani zilikuwa zimepanda juu ya lango zikageuka herufi. Na mambo ya mishahara yalipoguswa mbele ya Mwenyekiti, yule pekee asiyeogopa kusema alikuwa nyuma ya mlango, anakohoa.

"Nimejificha mimi inatosha," akasema sasa, mwiko ukiwa umesimama katikati ya ugali. "Kesho na ajifiche yeye."

Wakatazamana. Enos ndiye aliyeelewa kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa kifupi: "Mama, na Nabututu je? Mwanamume akiaibishwa na wakwe, humrudisha mtu kwao na sanduku kichwani."

Nasipwondi aliupakua ugali, akaufunika. Lakini Awuor aliniambia aliufunua, akaufunika tena, mara tatu.

Kulipokucha, jua likapanda juu ya ziwa kama ofisa aliyechelewa. Wazazi wakaketi uwanjani kwenye madawati, wanafunzi wakapangwa kwa urefu, utepe mwekundu ukafungwa nguzo hadi nguzo. Mwenyekiti angefika, angeshuka, angekata utepe, angepita chini ya jina lake mwenyewe huku akipigiwa makofi. Ndivyo ilivyopangwa.

Ndipo alipotokea, Nasipwondi wa mwiko mrefu, kichwani leso ya maua ya kijani, kwapani kigoda, mkononi ungo. Alitembea polepole mpaka langoni. Alikitua kigoda katikati ya nguzo mbili, hatua moja nyuma ya utepe, akakaa, akaivuta leso mpaka ikamfunika shavu la upande wa barabara, akaanza kuchambua maharagwe. Hakumtazama mtu. Heshima yote ya mama mkwe aliitimiza, isipokuwa ile ya kuondoka.

Gari likaja. Simiyu, dereva, alimwona kwanza na mguu wake ukakanyaga breki bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti akashuka, suti ya kijivu, makasi ya dhahabu mkononi. Akainua uso kulisoma jina lake, akaushusha, akaona leso ya maua ya kijani. Enyi wasikilizaji, mmewahi kumwona jogoo anayewika akakumbuka kisu? Aligeuka kwa kishindo, akabaki analitazama paa la gari lake kana kwamba limeandikwa kitu.

Walter, mwalimu mkuu, mtu wa Maseno, mwenye tai hata siku za joto, ndiye aliyefanywa tarishi wa vita. Alikimbilia langoni akainama.

"Mama Nasipwondi, nguzo ya jiko letu, uliyetulisha katika njaa na katika mitihani. Mwenyekiti amefika. Nakusihi uinuke uende jikoni, ili historia ipite."

"Mwalimu Mkuu, historia na ipite, nafasi ipo," alijibu bila kuinua macho. "Mimi nachambua maharagwe ya wageni wenu. Jikoni moshi umejaa, sioni jiwe, sioni haragwe. Mzazi akivunjika jino mtasema mpishi ni mchawi. Hapa pana mwanga. Lango hili lina mwanga sana, kwa kuwa halina ukuta."

Madawati ya mbele yakasikia. Madawati ya nyuma yakaelezwa.

Walter akarudi kwenye gari. Mwenyekiti akaliambia paa: "Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba mimi ni mkwe wake."

"Mwambie namjua," akasema Nasipwondi, "ndiyo maana simtazami. Mwulize mkwe wetu, kwa kinywa chako: mishahara ya watu wa hapa imesimama kama nguzo hizi. Nguzo ziliambiwa zisimame. Mishahara iliambiwa na nani?"

Walter akaenda, akajifuta jasho, akarudi. "Anasema nchi bado changa."

"Aliye mchanga hunyweshwa maziwa, Mwalimu. Mwambie chai yetu haijaonja maziwa tangu siku msingi wa lango ulipochimbwa."

Akaenda tena yule tarishi, tai imehamia begani. Safari hii Mwenyekiti hakumjibu mama mkwe. Alimwita Zadock kwa sauti ya kuyatishia malori. "Wewe mlinzi, nimekuajiri kazi gani? Mwondoe mtu pale."

Zadock akaivua kofia, akaitazama ndani kama anayetafuta sheria, akaivaa tena. "Mzee, uliniajiri nizuie wanaoingia. Huyu haingii. Amekaa."

"Basi mguse umsogeze."

"Mzee, nimguse mama mkwe wako mbele ya watu wote hawa? Kwetu pia tuna wakwe."

Hapo majeshi mawili yakabaki yanasubiri nani atapiga chafya. Na katika kungoja kule, kutoka ubavuni, akaja beberu mmoja mweusi wa Nyalenda, asiye na cheo, asiye na mwaliko. Aliunusa utepe mwekundu. Akautafuna polepole, kwa adabu, mwanzo hadi mwisho, kisha akapita chini ya upinde, chini ya jina la shule na jina la Mwenyekiti, akaingia. Nasipwondi akamsogezea miguu apite. Hivyo ndivyo lango lilivyozinduliwa.

Uwanja mzima ukacheka: wazazi, wanafunzi warefu na wafupi, hata Walter alicheka kwa pua kabla hajakumbuka anakula kwa nani. Na Mwenyekiti akajua kwamba kurudi nyumbani ni kukimbia, na kupita langoni ni kumkanyaga mama mkwe. Ilibaki njia moja, ile ambayo desturi ya baba zake ilimwamuru na fahari yake ikamkataza. Aliiacha barabara. Aliingia majanini.

Na majani yale yalikuwa hayajafyekwa tangu kamati ilipoona mfyekaji ni gharama. Kishona nguo, lile gugu la mbegu nyeusi zinazonasa, kilikuwa kimekomaa, kimekauka, kinangoja mtu. Kilimshika magotini, kikampanda mapajani, kikaingia mifukoni. Na yule bwana wa malori, njia ya mbuzi ikimwongoza, akatokea mbele ya wazazi akiwa amemea manyoya meusi kama kifaranga kikubwa kisichojua kitakuwa ndege gani.

Akapanda jukwaani. Akafunua hotuba yake, na mstari wa kwanza ulisema: leo nimeingia kupitia lango la maendeleo. Akautazama. Akaikunja karatasi. Akina mama wa dawati la mbele hawakumtazama usoni hata mmoja wao, walitazama suruali. Mbali kule langoni, maharagwe yakalia kwenye ungo, sha, sha, sha.

Mwenyekiti akakohoa. "Kuhusu," akasema. Akajikuna paja. "Kuhusu mishahara. Kikao kijacho kitaliangalia jambo hilo."

Andikeni, enyi waandishi, kama bado mna wino. Neno mishahara, ambalo kwa miaka mitatu halikupata kutoka katika kinywa kile, lilitoka, jembamba, limeshikwa mkono na kikohozi, lakini lilitoka, mbele ya mashahidi na mbuzi. Awuor akaupeperusha ufagio akapiga kigelegele. Enos alilia, akasema hata kamati ndogo isingefika mbali hivyo. Neno halijazi sufuria, hilo twalijua sote. Lakini walioishi kwa subirini hula hata harufu.

Nasipwondi akainuka sasa, kwani maharagwe yalikuwa safi. Akakitia kigoda kwapani, akaenda jikoni kuyachemsha, na wageni wakala, na hakuna aliyevunjika jino.

Jioni, nyumbani Nyalenda, shujaa hakugusa chakula. Alikaa mlangoni, juu ya kigoda kile kile, akisikiliza njia. Kila mwanamke aliyepita na mzigo kichwani, moyo wake ulimtoka ukaenda kuutazama mzigo kama ni sanduku.

"Kula," mumewe Wakoli akamwambia.

"Nitakula nikijua mtoto analala wapi."

"Ulijua hayo kabla hujakaa pale."

"Nilijua. Ndiyo maana nilikaa kabla sijafikiri mara ya pili."

Wakoli akalala, mtu wa reli huamka mapema. Giza lilikuwa bado jipya alipokuja Simiyu, dereva, kwa miguu, na kifurushi cha sukari mkononi. Akasimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Mama, nimetumwa na Nabututu. Anasema kucha zinamuuma kwa kutoa kishona nguo kwenye suruali ya mtu."

"Analala wapi leo?"

"Kwake, Mama. Mzee alimwuliza, mama yako ataendelea kukaa pale langoni? Nabututu akamjibu, kikao kijacho ni lini? Mzee akaenda kulala. Nimeondoka anakoroma." Simiyu akajikuna kichwa. "Anasema pia, usimpe mtu hicho kigoda."

Nasipwondi akaipokea sukari. Akala ugali wake ukiwa umepoa, wote. Kisha akakiingiza kigoda ndani, akakisukuma chini ya kitanda upande wake, mahali ambapo mkono ungekifikia, akajinyoosha kando ya Wakoli, akalala.