Moyo Umehamia Utumboni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimepata 31 kwa mia kwenye jaribio la istilahi za tiba. Mwingine angelia. Mimi nimetabasamu, maana nimeshajua tatizo liko wapi: karatasi. Maneno yenyewe ni ya Kigiriki na Kilatini, yameandikwa na watu waliokufa zamani, na mimi ni mtu wa masikio. Nikisikia kitu mara moja, kimeingia.

Hali ilivyo, niiandike wazi. Somo hili nililifeli mwaka jana. Mtihani wa mwisho ni tarehe 14. Nikikosa 50, ni disko. Naondolewa chuoni, utabibu basi. Baba ameshasema nikirudi Kisesa kazi ipo, kwenye mashine ya mjomba Chenge ya kukoboa mpunga. Nilifanya pale likizo moja tu, nikapiga chafya za pumba mwezi mzima. Sirudi!

Madamu Mwaija, mwalimu wa somo, katangaza njia ya kujiokoa. Anayeongoza kikundi cha kujisomea chenye watu kumi au zaidi anapewa alama kumi za bure. Kikundi kipo kimoja, cha Odeta. Odeta alipata 94, na hata hakushangaa. Darasa lina watu thelathini na sita, yeye na wafuasi wake ni thelathini. Tuliobaki ni sita, na watano ni wavivu. Kwa hiyo lazima nimpokonye.

Jumanne, 6 Mei

Hatua ya kwanza: upelelezi. Nimekwenda nyumbani kwao Odeta, Mirongo, kuulizia kikundi kinakutana mahali gani. Nikishajua, nakaa jirani nawachota mmoja mmoja. Nimevaa shati jeupe. Nimebeba machungwa, maana kwenda kwa watu mikono mitupu ni ushamba.

Nimempa mama yake shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba nimekuja kwa ajili ya Odeta, na ninachoomba ni kutajiwa mahali tu.

Mama amenifutia kiti kwa kanga yake. Kisha kaniletea soda. Kisha kampigia simu kaka yake, mzee Nathaniel, aje haraka. Nimeshangaa ukarimu wa familia hii! Mzee Nathaniel kafika anahema. Kauliza mimi ni wa ukoo gani, baba ana ng'ombe wangapi, na imekuwaje nimekuja mwenyewe badala ya kutuma wazee. Nimemjibu kwamba jambo lenyewe ni dogo mno, sikuona haja ya kusumbua wazee. Hapo alisimama.

Bahati nzuri Odeta alikuwa anaingia kutoka gengeni. Kanivuta uani, kaniambia nimemwambia mama yake nimekuja kuulizia mahari. Nikamwambia mimi sikusema mahari, nilisema mahali. Akasema hayo maneno mawili nimeyatamka sawasawa kabisa.

Nimempa mama utambuzi wa kimyakimya: otitis, uvimbe wa sikio. Odeta naye anayo. Itakuwa ya ukoo. Machungwa yamebaki huko.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata mbinu. Nasikitika haikunijia mapema.

Nitarekodi somo zima kwa sauti yangu kwenye simu. Neno, maana, neno, maana. Watu wasikilize wakifua, wakipiga pasi, wakisubiri foleni ya maji. Nani atarudi kwa Odeta kusoma daftari? Hakuna.

Nimerekodi kutwa nzima nikiwa nimejifunika blanketi, maana chumba chetu cha Buzuruga kinapakana na stendi. Hata hivyo, kwenye sehemu ya mifupa kondakta anasikika akiita Bunda, Musoma. Inachangamsha.

Lukman, ninayeishi naye, kasikiliza dakika mbili. Kauliza mbona neno la mishipa ya moyo na neno la utumbo mpana yanaanza kwa mlio mmoja. Nikamweleza kwamba mwili wa binadamu ni mmoja. Kashauri nimwombe Odeta asome yeye. Lukman anasomea ufundi umeme, sasa istilahi za tiba zinamhusu nini? Wivu tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeula! Kikundi kipya cha Watsapu, nimekiita Masikio, kina watu ishirini na sita. Hata Hellen, shoga yake Odeta wa kula sahani moja, kahamia kwangu. Anasema sauti yangu inamliwaza akiosha vyombo. Asubuhi nimepita bwenini kwa wasichana, nje tu, nikajisikia kwenye madirisha manne kwa mpigo. Raha ya ajabu.

Odeta kawatumia wote ujumbe kwamba rekodi ina makosa ya l na r, waache kusikiliza. Maskini. Nimemjibu kwa heshima kwamba kushindwa nako ni sehemu ya masomo.

Madamu Mwaija kaandika jina langu kwenye orodha ya viongozi: Nestory Maige. Alama kumi ndani.

Jumatano, 14 Mei

Mtihani umekuwa mlaini kama uji. Swali la kwanza: andika neno linalohusu mishipa ya damu ya moyo. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe kichwani. Nikaandika colonary bila kupepesa macho.

Niliinua uso kidogo. Darasa zima midomo inacheza, wote kwa mdundo wangu. Nimekuwa mwalimu kabla sijawa tabibu.

Tumemaliza mapema sana, kwa pamoja. Odeta kabaki anapitia kazi yake tena na tena. Hajiamini. Nimempigia baba kumwambia mjomba atafute mtu mwingine wa mashine.

Ijumaa, 16 Mei

Leo niandike kwa ufupi.

Madamu Mwaija kaingia na karatasi, hakuzigawa. Kasema amefundisha miaka kumi na minane, hajawahi kuona watu ishirini na saba wakihamisha mishipa ya moyo kwa siku moja na kuipeleka kwenye utumbo mpana. Moyo ni coronary. Utumbo mpana ni colon. Colonary haipo duniani. Kila neno lenye l au r limevurugwa, na kwa wote limevurugwa vilevile. Akauliza limetoka wapi.

Wote waligeuka kunitazama.

Hellen katoa simu. Sauti yangu ikajaa darasa, na kondakta nyuma yake akiita Bunda, Musoma. Madamu kanisimamisha. Kaniambia nitaje neno la moyo. Nikalitaja. Nitaje la utumbo. Nikalitaja. Kauliza kama nimesikia tofauti. Nikamjibu ndiyo, tena kubwa. Darasa likavunjika mbavu. Mmoja kalala chini ya dawati kabisa.

Niseme ukweli, niliona aibu. Nilipata 34. Zile kumi za kikundi zimefutwa papo hapo. Niliiona mashine ya mjomba Chenge imesimama mbele yangu, nikasikia na pumba puani. Nilitaka kulia, basi tu nilikuwa nimesimama mbele za watu.

Kisha Madamu akasoma kanuni za chuo. Wakifeli zaidi ya nusu ya darasa, mtihani unarudiwa. Jumatatu tarehe 19, wote. Atakayefeli hapo asimtafute mtu.

Aibu ilikatika kama umeme. Ningefeli peke yangu, saa hii niko Kisesa. Nimeokolewa na ubora wa ufundishaji wangu! Nimejaribu kumweleza Hellen kwamba tumeokolewa pamoja. Hellen alikuwa amefaulu jaribio lililopita kwa 71. Haongei na mimi.

Jumapili, 18 Mei

Odeta karekodi somo zima upya kwa agizo la Madamu, kalituma kwa kila mtu. Halafu baada ya ibada kaja mwenyewe hapa Buzuruga. Tumekaa nje, Lukman akiwa karibu. Saa mbili nzima kanifundisha: kwenye l ulimi ukae, kwenye r ulimi utetemeke. Hajacheka hata mara moja. Alipoondoka kasema nijitahidi, maana nikipata disko darasa litapoa. Nimeguswa. Nilimsindikiza mpaka barabarani na kumwambia asante kutoka moyoni.

Lakini njia yake ni ndefu mno. Mtihani ni kesho saa mbili asubuhi. Ulimi utajifunza kutetemeka lini?

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Madamu mwenyewe alisema nimegeuza l na r. Sawa. Kilichogeuzwa kinageuzwa tena, kinarudi sawa! Kwa hiyo kanuni ni moja: penye r naweka l, penye l naweka r. Kila neno, bila kubagua. Nimechukua orodha ya Odeta nikaisahihisha yote kwa dakika ishirini. Moyo ni colonaly. Utumbo ni coron. Hayafanani tena hata kidogo, na Lukman nimemsomea yote mawili. Ameingia ndani tu akafunga mlango.

Kanuni nimeituma kwenye kikundi cha Masikio ili na wenzangu wanufaike. Watatu wamejibu kwa dole gumba. Ishirini na watatu wamejitoa, bila shaka simu zao zimejaa.

Fomu ya kurudia mtihani nimeshaijaza, na msajili ametuonya kwamba asiyeijaza sawasawa haingii chumbani. Nimeipitia mara mbili. Ajabu, kosa lilikuwa juu kabisa, na nimelibeba tangu nilipobatizwa. Nimelifuta vizuri kwa wino mweupe na kuandika kwa herufi kubwa: NESTOLY.